Swali la Kabla ya Usingizi

Mwanangu, weye unayeanza kazi yangu, katika miaka yote niliyolalisha wagonjwa hapa Uvira ili wapasuliwe, kuna siku moja naikumbuka kuliko zote, na si kwa sifa. Ilikuwa miaka ya vita. Barabara ya Fizi imefungwa, mazutu, mafuta ya jenereta, hakuna, na dawa ya usingizi iliyobaki ilikuwa ketamini, ile ambayo mgonjwa analala macho wazi. Dokta wetu alikuwa ameanza uchunguzi. Alitaka kujua dawa ile inawafanyia nini watu wa vita, waliokonda na kuishiwa damu, maana vitabu vyake havikuwataja. Kila mgonjwa alikuwa na fishi yake, karatasi ya kuandika alikula lini, moyo unapigaje, anapumuaje, aliamka saa ngapi. Miye, msichana niliyetoka shule ya uuguzi juzi tu, ndiye niliyepewa kuzijaza. Maringo yangu? We acha tu. Nilitembea na zile karatasi kama mke wa mkubwa.

Asubuhi ile aliletwa Mama Esta, mkimbizi kutoka Makobola, aliyekuwa akilala na watoto wake watatu katika darasa la shule pamoja na wakimbizi wengine. Kipande cha bomu kilikuwa kimebaki pajani. Kidonda kilinuka, lakini kingeweza kungoja hata jioni. Nilisimama mlangoni, kalamu mkononi, wenzake wamemzunguka, nikauliza, "Mama, umekula?" Akajibu, "Hapana." Nikaandika: hajala. Nikafurahi kwamba fishi yangu imejaa vizuri.

Weye unajua kwa nini tunauliza, lakini acha niwaambie hawa wanaotusikiliza, wasiojua. Aliyelalishwa kwa dawa hawezi kulinda koo lake. Chakula kikipanda kutoka tumboni kinaingia mapafuni, na mtu anazama akiwa nchi kavu.

Dokta hajamaliza kukata, mama akaanza kutapika. Bugali, mwanangu, bugali na ndagala, vile visamaki vya ziwa. Midomo ikawa rangi ya majivu, nami nimeganda na kalamu yangu. Papa Kashindi, mzee aliyenifundisha kazi ya kulalisha, alinisukuma kando, akamgeuza ubavu, akateremsha kichwa chake, akaingiza mpira wa kunyonyea kooni. Akaniambia nikanyage pampu. Nilikanyaga kwa mguu huku nalia, nikijua kwamba watoto watatu wako kule shuleni wanamngoja. Mwishowe akakohoa. Sijasikia kikohozi kitamu kama kile.

Majuto ni mjukuu, lakini mimi sikujuta kwanza; niliogopa kwanza. Nilivuta fishi nifute neno "hajala" na kuacha nafasi tupu, kama vile sikuuliza kabisa. Papa Kashindi akanishika mkono.

"Acha hapo, na chini yake uandike kwamba alikuwa amekula," akasema polepole. "Hii karatasi itasomwa na mulalishaji hatumujui, mu hospitali hatutafika. Ukimudanganya, mugonjwa wake atakufa, na weye utakuwa kwako unakula bugali yako."

"Papa, yeye ndiye alinidanganya!"

Akanirudishia kalamu, nikaandika. Alingoja siku nne, homa ya mapafu ipungue. Kisha akawatoa watu wote nje, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaniambia niweke kalamu chini. Akamuuliza mama, kwa upole, asubuhi ile nani alimletea chakula.

"Majirani wa darasani walichanga," akasema Mama Esta. "Walisema muntu haendi kwenye kisu na tumbo tupu. Lakini mu shule, muntu akikuja na karatasi akiuliza kama tumekula, tunajibu hapana. Ukisema ndiyo, watoto hawaandikwi kwa posho."

Kisha akanigeukia mimi. "Na watoto wangu, dada, uliwaandika?"

Mwanangu, naona haya mpaka leo. Mwenye njaa hana miiko, na mama yule hakusema uongo kwa ubaya. Alikuwa amelala pale siku nne, mapafu yanamuuma, akiamini kwamba neno lake moja limewapatia wanawe chakula. Papa Kashindi ndiye aliyemwambia ukweli, kwamba fishi ile ilikuwa ya dawa tu, na watoto hawakuandikwa kwa posho.

Wanasema kuuliza si ujinga. Ndiyo, ila kuuliza vibaya ni ujinga unaoua. Kwa hiyo, kabla hujamlalisha mtu, ficha karatasi yako kwanza. Keti chini. Toa watu nje. Mwambie kwa nini unauliza, na kwamba jibu lake halitamnyima kitu. Usimuulize kama amekula. Muulize nani alimpa chakula, na kilikuwa nini. Ukikosea, andika kosa lako kwa mkono wako, maana makosa yetu ndiyo yanayowafundisha wenzetu.

Mungu akutulizie mikono, mwanangu, na kila utakayemfumba macho kwa dawa ayafumbue na kuwaona watoto wake.