Kibao Changu Siku ya Harusi ya Nyamizi

Mkinicheka nitawaelewa, maana hata mke wangu, Mama Kulwa, mpaka leo akinipakulia ugali huanza kucheka peke yake, na aibu yenyewe niliitengeneza kwa mikono yangu, nikiwa na akili timamu.

Petroli ilipopanda bei nilisema mimi na mbio basi, nikakata kibao nikakifunga kwa boliti chini ya pedeli ya mafuta, isikanyagike zaidi ya nusu (nilikikaza hasa, najijua). Nikaunganisha taa za hazadi ziwake muda wote, wa nyuma ajue huyu anatambaa. Honi nikaing'oa, dereva wa polepole anamfukuza nani? Na mafuta kweli yakapungua, nikaanza kujiona injinia.

Sasa Nyamizi, binti wa marehemu kaka yangu, akapata mchumba kijiji cha Samuye. Nikasema huyu nampeleka kanisani huko mwenyewe kutoka Shinyanga mjini, gari la kukodi la nini? Vijana wakaja na maua na riboni, nikawafukuza, mapambo yanakamata upepo na upepo unakula mafuta. Tatizo ni moja tu, Padre alishatuonya kwamba ana misa kigango kingine, tukichelewa anaondoka, harusi mpaka mwezi ujao, na ng'ombe tulishachinja.

Tukatoka. Kwa uzito wa mashangazi kule nyuma kigari kikawa kinajikokota, baiskeli zikatupita (moja imebeba gunia la mkaa). Na gari la bibi harusi halipitwi, kwa hiyo msafara mzima ukajipanga nyuma yangu na taa zao, wakapiga honi wee, wakachoka, wakanyamaza.

"Baba Kulwa, king'oe hicho kibao," mke wangu akasema. Spana ilikuwa nyumbani. Nyamizi alikuwa anatazama saa kwenye simu, machozi yanamlenga, na hapo roho iliniuma sana, maana baba yake angekuwepo wangekuwa wameshafika.

Kisha nikaona mchunga ng'ombe anavua kofia. Mbele kidogo kina mama waliokuwa wanauza viazi wakasimama, wakajifunga khanga. Bodaboda wakakata matawi ya miti, wakatutangulia. Mama mmoja akaja dirishani (mwendo wake na wangu ulikuwa mmoja), akauliza, "Poleni, baba. Alikuwa mtu mzima?"

Kwa kuchanganyikiwa nikajibu, "Hapana, bado kijana."

Akashika kichwa, akaanza kulia, na wenzake wakampokea, wakatufuata kwa miguu.

Tulipofika Samuye Padre alishapanda pikipiki, ameiwasha. Akaona matawi, akasikia vilio, akazima. Akatujia mbio na maji ya baraka.

"Poleni sana. Marehemu ni nani?"

Nyamizi akateremka na gauni lake. "Shikamoo, Padre. Ni mimi, nimekuja kuolewa."

Padre alicheka mpaka akaegemea gari. "Harusi iliyochelewa ningeiacha," akasema, "lakini msiba siwezi kuupa kisogo." Akarudi kanisani kuvaa.

Waombolezaji wetu walibaki kula pilau, na yule mama aliyelia ndiye aliyecheza kuliko wote. "Wabeja, mwanangu," alinishukuru, mfupa mkononi.

Polepole bado natembea, ila honi imerudi na spana inalala chini ya kiti. Nyamizi sasa ni mjamzito, na kashaniambia, "Baba mdogo, siku ya kujifungua nitapanda bodaboda." Nimemwapia kwamba siku hiyo kibao kinabaki nyumbani, na riboni nitazifunga mwenyewe.