Kopo katika Ukuta wa Muzee Habineza

Télesphore alizijua sheria za mchezo ule kama katekisimu. Kopo lisifukiwe ardhini. Lisiwekwe karibu na shule, daraja wala kambi ya askari. Mwenye uwanja aombwe kwanza. Na kila atakayelipata aandike jina lake katika kijitabu kilichomo, kisha alirudishe palepale. Mtalii mmoja ndiye aliyemfundisha, enzi zile Télesphore alipokuwa akiongoza wageni kupanda volkano: unaficha kopo, unatangaza kwa simu mahali lilipo, na watu wanakuja kulitafuta kwa furaha tu.

Wageni walipoacha kuja, mchezo ndio uliobaki. Akamwendea muzee Habineza, jirani yake wa mtaa wa Katoyi, mwenye ukuta mrefu wa mawe ya volkano.

"Weka," muzee alisema akicheka. "Lakini nyuki wakikuuma, usinililie."

Kopo la maziwa ya unga, lililozungushiwa utepe mweusi, likaingia kati ya mawe mawili. Sheria zote alizitimiza. Alisahau salongo tu, kazi ya pamoja ya mtaa.

Jumamosi asubuhi kila nyumba hutoa mtu wa kusafisha barabara. Sylvie, mwuza makaa, alikuwa akizibua mfereji chini ya ukuta ule jembe lake lilipoangusha jiwe. Kopo jeusi likachungulia.

"Bombe!" Sylvie akapiga yowe, akidhani ni bomu.

Télesphore alifika kutoka kuchota maji, akakuta watu wamejibanza nyuma ya nyumba. Muzee Habineza alikuwa amekalishwa vumbini, mikono imefungwa kamba. Papa Carlos, chefu wa avenue, yaani mkuu wa mtaa ule, alikuwa ameshawaita wenye bunduki.

"Muzee, ukuta ni wa nani?" Papa Carlos akauliza.

"Wangu."

"Na kile kitu?"

Muzee alimtazama Télesphore, kisha akaangalia chini. "Sijui."

"Mutu muzima, haujui kitu kiko mu ukuta yako?" sauti moja kati ya watu ikadhihaki. "Ao ukuta imezaa?"

Wengine wakacheka, na kicheko kile kilimwogopesha Télesphore kuliko kelele. Kusema "ni langu" kulikuwa rahisi. Lakini ndani mlikuwa na kijitabu, na katika kijitabu majina kumi na tisa ya waliolipata tangu alifiche, yenye tarehe, mengi ya kubuni kama wachezaji wanavyopenda: Chui wa Mlimani, Kivuli, Namba Saba. Nani mwenye bunduki angeamini kwamba huo ni mchezo, si orodha ya waasi? Na jina la kwanza, kwa mwandiko mzuri wa shule, lilikuwa la kweli. La binti yake, Élodie.

Akaweka chini bidoni lake la maji, akatembea hadi ukutani.

"Papa Télesphore, rudi! Utatuua!" watu wakapiga kelele.

Akalichomoa kopo, akabandua utepe, akalifungua na kuelekeza mdomo wake kwao. "Muone. Ni krayoni na kijitabu. Hakuna bombe. Ni yangu mimi. Mumufungue muzee."

Sylvie ndiye aliyesogea kwanza, akachungulia, akajishika kifua. Kisha akapiga magoti akaanza kufungua kamba za muzee, akimwomba radhi.

"Kijitabu cha nini?" Papa Carlos akauliza. "Leta nisome."

Gari la wenye bunduki lilikuwa limeshakata kona. Télesphore akachana ukurasa wa kwanza, wenye jina la Élodie, akaukunja, akautia kinywani.

"Unakula nini? Papa, unakula nini hicho?" Papa Carlos akapiga kelele.

Muzee Habineza, mikono yake ikiwa huru sasa, alilia kwa sauti. Milango ya gari ikafunguliwa. Télesphore alisimama wima kando ya ukuta, kijitabu mkononi, akitafuna.