Nisomee Kadi, Wifi

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilitumia neno baya.

Miaka mitatu kabla ya kuzaa nilifanyiwa upasuaji. Utumbo wangu mpana, uliokuwa umejaa vidonda, uliondolewa wote. Daktari akaukunja mwisho wa utumbo mwembamba na kuushona uwe mahali pa kutunzia choo, humohumo ndani. Kwa nje kuna kovu tu. Nilipoolewa, wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliuliza kovu lile ni la nini. Nikamjibu, "Daktari alinitengenezea mfuko wa choo ndani." Yeye mfuko wa ndani aliokuwa akiujua ni mmoja, mfuko wa uzazi. Niliposhika mimba, akajumlisha mwenyewe: choo na mtoto, mfuko mmoja.

Tulikuwa tukiishi uani kwake, Butimba. Mume wangu alifanya kazi kwenye kivuko cha Kigongo na kurudi Jumamosi. Mbele ya nyumba wifi alikuwa na duka. Ilikuwa miaka ile ambayo maduka yaliyozoea sabuni na kiberiti yalijaa ghafla bidhaa za kila nchi, na rafu yake ya juu aliipanga makopo ya maziwa ya watoto.

"Huyu mtoto kalala na kinyesi miezi tisa," aliwaambia wateja, binti yangu akiwa na wiki tatu, nami nikisikia. "Na sasa ananyonya hukohuko."

"Ndiyo maana mama yake hatoki chooni," mteja mmoja akadakia.

"Leo ni mara ya saba," wifi alijibu, akapaza sauti. "Mama Mfuko! Hujambo huko?"

Wakacheka.

Mtu wa hali yangu huenda choo mara nyingi, kwa sababu sehemu inayofyonza maji haipo tena. Ili wasinihesabie, nikaacha kunywa. Kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni. Hilo lilikuwa kosa la pili, na hilo sikulifanya peke yangu. Maziwa yakapungua. Mwezi wa nne, mizani ya kliniki ilisoma kilo tano na robo, sawasawa na mwezi wa tatu. Kwenye kadi ya mtoto mstari wa uzito ukalala.

Jumamosi wifi aliiweka kadi mbele ya mdogo wake. "Jionee mwenyewe. Maziwa ya chooni hayo. Mtoto aachishwe, apelekwe kwa mama yetu, ng'ambo kule Busisi. Makopo nitatoa mimi."

Mume wangu aliitazama kadi. Akasema tusubiri kipimo kimoja tu. Mstari usipopanda, atavuka naye mwenyewe kwa kivuko.

Nilikuwa nimeishia darasa la saba, mengine nimejisomea. Kwenye rundo la mitumba niliwahi kupata kitabu kikuukuu cha uuguzi chenye mchoro wa utumbo. Niliunakili mchoro ule nyuma ya bahasha, nikakata kwa kalamu sehemu niliyoondolewa, nikampelekea muuguzi wa kliniki. Aliutazama, akaniuliza swali moja.

"Mama, kwa siku unakunywa nini?"

Nilipomjibu, alishika kichwa. "Maji na chumvi vinakutoka kuliko sisi, halafu hunywi? Maziwa yatoke wapi? Kunywa, hata kama utaenda choo mara ishirini."

Nikanunua jagi la lita moja. Maji yaliyochemshwa, na chumvi na sukari kwa kipimo alichoniandikia. Uji. Mchuzi wa sato wenye chumvi. Nilinywa nikiwa nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa choo, mtoto akiwa kwenye ziwa, mahali ambapo kila mteja aliniona. Nilipoinuka kwenda ndani, nilipaza sauti hadi dukani: "Wifi, hii ya tisa! Usisahau!"

Mwezi wa tano: kilo sita na robo.

Sikwenda chumbani kwangu. Niliingia dukani, palikuwa na wateja wanne, nikaiweka kadi juu ya kaunta.

"Nisomee, wifi."

"Kwani wewe hujui kusoma?"

"Najua. Nataka nikusikie."

Alisoma kwa sauti ya chini. Nikamwomba arudie, maana mama aliyekuwa mlangoni hakusikia. Akarudia.

Nikafanya hivyo kila mwezi. Binti yangu alinyonya miaka miwili kamili, na hakuna siku ya kliniki niliyopitiliza duka lile. Wifi akiniona naja, alianza kupangua na kupanga rafu. Nami nilisubiri amalize.

Nilipomwachisha mtoto, wifi alinifuata chumbani, bila mteja hata mmoja. "Wifi, nilikukosea," alisema. "Nisamehe, haya mambo tuyamalize." Alikuwa anasema kweli, nakiri hivyo kwa sababu naandika yaliyotokea.

Nilimpa kiti. Kisha nikaifungua kadi na kumwonyesha kwa kidole. Visanduku vya uzito vinaishia miaka mitano. Tulikuwa tumejaza ishirini na vinne. Vilibaki thelathini na sita.

"Tutayamaliza, wifi," nilimwambia, nikashusha kidole kwenye kisanduku cha mwisho. "Hapa."