Baba Mwenye Maziwa

Juzi nikiwa nakaanga vitumbua barazani nilisikia mtoto analia, "Mama! Mama!" Nikainua kichwa. Mtoto wa kizungu, goti linavuja damu. Akampita mwanamke aliyemnyooshea mikono, mamake yule, akaenda kumrukia bwana mmoja mwenye ndevu. Vitumbua vikaungua vyote. Nikawauliza mnatoka wapi, ingawa nilishajua. Jojia.

Mnivumilie, maana shule niliishia darasa la tatu, na hata hilo sikulimaliza kwa sababu ya surua, lakini hiyo habari nyingine.

Nilipokuwa na miaka kumi, Bibi, aliyemzaa mama yangu, alimpangisha mwandishi kutoka huko Jojia chumba cha uani. Jina lake Gela. Alikuja kufundisha vijana michezo ya kuigiza. Bagamoyo nzima ilimwita Mrusi, naye akisimama njiani na kikapu chake cha dagaa anakataa, "Mimi si Mrusi!" Watu wanamwitikia, "Haya Mrusi, tumesikia."

Kwao alianza na mashairi, nayo aliyasoma hapa akinyoa ndevu, kwa sauti ambayo Bibi alidhani anagombana na kioo. Akaandika riwaya, wakubwa wa serikali wakaikusanya madukani wakaichoma. Akahamia kwenye tamthilia, zikafungiwa moja baada ya moja. Mojawapo aliigeuza Kiswahili, akanichagua mimi niicheze.

Mchezo wenyewe ulikuwa mfupi. Baba anachukuliwa na askari. Binti yake kila siku anampakulia chakula, anakiweka mbele ya kiti kitupu. Mwishoni mlango unagongwa. Binti anauliza neno moja tu, "Mama?" Basi, umekwisha.

Nikamwambia, "Bwana Gela, mama ni yule anayenyonyesha. Huyu ni baba."

"Kwetu baba ndiye anayeitwa mama," akasema. "Maneno mengine yote yamekubali Kiswahili. Hili limekataa."

Nilipomsimulia Bibi, alicheka hadi ungo ukamtoka mkononi. "Lahaula! Na mama, mke mwenzangu, wanamwitaje?"

"Deda."

"Hao wamevaa dunia kinyume!"

Na Bibi hakujua kuficha jambo. Kesho yake kisimani wasichana wakanipokea, na Tatu, shoga yangu, ndiye aliyeanza: "We Mwanahawa, baba yako keshanyonyesha leo?" Wiki nzima ikawa hivyo. Nilimchukia yule Mjojia, nawaambia kweli.

Siku ya mchezo ilikuwa Jumapili, baada ya alasiri. Uani mikeka imejaa. Bwana Gela alivaa koti la mjomba wangu, lile alilokuwa akivaa kwenye lori la kwenda Msata, akajificha nyuma ya mlango ili agonge. Nikapakua wali, nikauweka mbele ya kiti. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama mmoja alijipangusa macho kwa pembe ya kanga. Nilikuwa nawashika wote mioyo, na nilijua nawashika.

Mlango ukagongwa.

Nikamwona Tatu, mstari wa mbele, keshaziba mdomo kwa kiganja. Nikaona nitachekwa. Bora niwahi mimi. Nikajipiga kifuani nikapaza sauti, "Mama? Baba mwenye maziwa, karibu ndani!"

Uani pakapasuka kwa kicheko. Watu walianguka mikekani. Mlango ukafunguka, Bwana Gela akasimama pale, mkono bado juu, uso kama chokaa. Kisha mnajua alifanya nini? Akaingia, akakaa kwenye kile kiti, akaanza kula ule wali kwa pupa, mashavu yamejaa, kana kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Wakacheka zaidi. Akala mpaka ukaisha, nisije nikaonekana mimi ndiye niliyeharibu.

Walipotawanyika alinipa mkono. "Umecheza vizuri," akasema. Sikumwomba radhi. Nilikuwa naangalia kama Tatu ananiona.

Mji ukamwomba aurudie. Hakuurudia. Kabla ya Ramadhani akafunga makaratasi yake akaondoka, na barua hatukupata.

Bibi, yeye asiyejua kuficha jambo, hili aliloambiwa na Bwana Gela alilificha mpaka nilipokwisha kuolewa, ndipo akanieleza. Mchezo ule ulikuwa kisa cha baba yake Bwana Gela, aliyechukuliwa na askari mwanawe akiwa mdogo na hakurudi. Kwao ulikatazwa. Uani kwetu ndipo ulipochezwa mara ya kwanza. Na mimi mwenye kuwashika watu sikuwa nimejiuliza kwa nini mwenye mchezo alitaka kugonga mwenyewe. Alisimama nyuma ya ule mlango badala ya baba yake, akingoja kusikia mtoto anamwita kwa jina ambalo yeye alikuwa akimwita baba yake.

Wazee wachache waliobaki, wakinikuta sokoni, bado wananitania: "Mwanahawa, baba mwenye maziwa hajambo?"

Nami hujibu, "Hajambo," na ninacheka nao.