Simu Iliyomfunga Mama Kinywa

Watu huniambia nisiikasirikie simu, ni chombo tu. Chombo! Chombo hukaa kinavyowekwa. Sufuria yangu haijawahi kujiepua motoni eti inabana kuni.

Mama alizaliwa hapa Kizuka, akakimbilia Tanzania akiwa msichana, akarudi mzee. Tuliporudi tulimkuta jirani anavuna michikichi aliyoipanda babu. Jirani akasema mpaka ni njia. Mama akasema mpaka ni kijito, na babu alizika mawe manne kuuonyesha. Aliyebaki duniani anayejua yalipo ni yeye peke yake. Bashingantahe, wale wazee wetu wa kusuluhisha, wakatupangia siku ya kutusikiliza.

Mimi nikajitia ujanja. Mama ana presha, nikasema, tusingoje siku hiyo. Miguu yake ilikuwa haimfikishi shambani, basi nikamkalisha mkekani uani, nikawasha programu ya kurekodi sauti, nikaiweka simu mbele yake.

Akaeleza jiwe baada ya jiwe: uanzie mchikichi upi, uhesabu hatua ngapi, ugeukie wapi. Asubuhi nzima. Kioo kikazimika, nikaona kawaida, kioo huzimika. Mimi napukuchua chikichi, sikio moja huku, moja kule. Kwa nini nijisumbue kukariri? Simu inashika.

Wiki iliyofuata mama akaanguka. Upande wa kulia ukafa, na ulimi nao. Nililia, lakini moyoni nikasema afadhali maneno yake ninayo.

Siku ya wazee nikasimama kifua mbele, nikabonyeza. Sauti ya mama ikatoka: "Mutoto wangu, iko inashika?" Yangu ikajibu: "Iko inashika, mama, sema tu." Akaanza: "Bon, jiwe la kwanza..." Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Jirani akakohoa kuficha kicheko. Wazee walingoja kwa adabu, kisha wakaweka mpaka njiani.

Nilikwenda mbio kwa fundi wa simu sokoni Rumonge. Akaniambia kwa upole, "Kaka, kioo kikizimika, simu za aina hii zinafunga programu zenyewe. Zinalinda batri."

Batri! Nani aliiomba ilinde batri? Batri ningeichaji kwa jirani yeyote, hata kwa huyo mwizi wa michikichi! Mama yangu ningemchaji wapi? Nimeinunua kwa jasho langu, naitia mfukoni mwangu, halafu yenyewe ndiyo inaamua kipi kisikilizwe. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Na sikuisikiliza hata mara moja kabla ya ile siku. Hilo nalo linanichoma, na hasira yake sina wa kumtupia.

Fundi akaingia kwenye mipangilio, akagusa mahali pawili, akanirudishia. "Sasa haitafunga tena." Mahali pawili tu! Na hakuna aliyewahi kuniambia.

Nilipofika nyumbani nikawasha ile programu, nikaiweka simu mkekani mbele ya mama, palepale. Mama akaitazama, akanitazama, akaelewa. Akajikaza. Jasho likamtoka, mkono wa kushoto ukanyooka kuelekea shambani, na kinywani ikatoka "mm... mm... mm" mpaka akachoka, akalala.

Kioo kilikuwa kimezimika zamani. Nikakiwasha. Imeshika yote.