Kipande Nilichokipalilia Mno

Nimelelewa na mwanamke asiyevumilia hata jani moja la gugu. Mama akipita kwenye mahindi ya jirani na kuona majani katikati ya mistari, alikuwa akitingisha kichwa na kusema kwa sauti ya kusikika, "Hapa hapana mwenyewe." Shamba letu la Limuru lilipaliliwa mpaka udongo ukabaki mtupu, mwekundu, na ole wako uache mzizi. Kwa hiyo nilipopewa kipande changu cha ardhi huku Blacktown, Australia, nilijua la kufanya. Ndivyo nilivyodhani.

Si changu hasa. Nyuma ya uwanja wa kriketi, karibu na nyumba ya wazee ninakofanya kazi, kuna eneo dogo la nyasi za asili, zile ambazo zamani zilifunika upande huu wote wa Sydney. Watu wa kujitolea hulitunza kila Jumamosi asubuhi, wakiongozwa na bibi mmoja Mzungu, mwalimu mstaafu mwenye magoti mabovu na mdomo mkali. Siku moja nikasimama kuwatazama. Miaka saba nilikuwa sijashika jembe, na mikono ilikuwa ikiniwasha, haki ya Mungu. Nikachuchumaa kugusa udongo; bibi akaniona, akanipa ukanda wa hatua ishirini kwa kumi.

"Utunze," akasema. "Lakini ile nyasi ikiushinda, baraza la mji litaleta mashine lifyeke kila kitu, na huo ndio utakuwa mwisho wake."

Ile nyasi ilikuwa ng'ambo ya njia, kijani, imetambaa, nami niliijua kabla hajaitaja. Ndiyo iliyojaa uani kwetu. Nimejifunza kutembea juu yake, nimechunga ndama juu yake. Huku wanaiita kikuyu, maana ililetwa kutoka milima ya kwetu kwa ajili ya malisho, na bibi anaichukia kuliko nyoka. Niliinama nikavunja kipande, nikakinusa. Nikalia pale pale kama mjinga. Kisha nikafuta machozi nikaanza kazi, maana nilikitaka kile kipande. Sydney nzima sikuwa na mahali pengine ambapo ningeweza kusema: hapa pana mwenyewe.

Jumamosi tatu bibi hakuwepo, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti. Mimi nikapalilia. Jameni, nilipalilia! Niliacha mashina machache ya nyasi ndefu wanayoiita ya kangaruu, tena yale yaliyokaa kwa mistari. Vijimea vingine vyote, vyembamba, vya maua ya manjano, vile vilivyolala chini ambavyo hata majina yake siyajui, nikaving'oa. Nikampigia Mama kwa video. Akasogeza simu mpaka nikaona jicho moja tu.

"Sasa hapo," akasema, "pana mwenyewe."

Wiki nzima nilitembea kazini kwa maringo.

Halafu mvua ikanyesha siku nne mfululizo. Jumamosi iliyofuata nilikuta nyasi ya kwetu imevuka njia na kuingia kwenye mistari yangu, tena kwa raha zake. Bibi alikuwa amerudi na fimbo. Akaichomeka kwenye mstari wangu, ikazama bila kizuizi.

"Nani alikuambia vile vidogo ni magugu?"

"Mimi ni mtoto wa mkulima," nikamjibu, nimenuna. "Shamba lazima liwe safi."

"Hili si shamba, mpenzi." Kila mtu humwita mpenzi, hata akikasirika. Akanipeleka kwenye ukanda wake, akaniambia niingize vidole chini ya majani. Havikupita. Mmea mmoja ulikuwa na mizizi ya juu juu, mwingine ulizama kufuata maji. Mmoja huota wakati wa baridi, mwingine wakati wa joto, na vile vya maua vilijaza nafasi iliyobaki. Maji, mwanga, udongo, vyote vilikuwa na wenyewe. Mgeni akifika hapati pa kukanyaga. Kumbe mimi nilikuwa nimemtandikia kitanda!

Nilitamani ardhi inimeze. Bibi akaliomba baraza litupe muda mpaka kiangazi cha mwaka uliofuata, nami nikapiga magoti. Niliichimba nyasi ya kwetu kwa mikono, maana ukiacha kifundo kimoja inaanza upya, na kila nilipoikata harufu ya uani kwetu ilinipanda puani. "Pole," nilikuwa nikiiambia, "lakini si hapa." Nikarudisha vile nilivyong'oa, kwa mbegu ambazo bibi alikuwa ameziweka kwenye mifuko ya karatasi. Nilizimwaga zimechanganyika, bila mstari hata mmoja, na hilo lilinipa taabu kuliko kuchimba.

Kiangazi hicho ukanda ulishika. Bibi alipita, akachomeka fimbo, ikakwama. "Haya," akasema, akaenda zake. Kwake yeye hiyo ni sherehe.

Nikampigia Mama. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, amejifunga leso. Nikamzungushia simu aone kila kitu.

"Mbona hujapalilia?" akauliza. "Hapa hapana mwenyewe."

Nikacheka, nikaanza kumweleza habari za mizizi ya juu na ya chini. Hakuwa akisikiliza. Alikuwa akinitazama mimi.

"Umekonda. Utakuja lini?"

Nikaangalia nyuma yake nipate la kusema. Kulikuwa na njia pale, kutoka jikoni hadi getini. Tulikuwa watoto sita, na miguu yetu iliifanya iwe udongo mtupu mwaka mzima. Sasa haikuonekana. Nyasi ilikuwa imeifunika yote, nene, kijani, mpaka kwenye ngazi alipokuwa ameweka miguu.

"Mama," nikasema, "ile njia iko wapi? Siku hizi hapiti mtu?"

Akageuka, akaitazama kidogo, akanirudia.

"Apite nani?" akasema.