Vingt-quatre ya Kalehe

Kama unapita Bagira na unasikia watu wananiita Vingt-quatre, usifikiri ni numero ya nyumba yangu. Ni haya yangu hiyo, na sababu munaniomba niisimulie kila tukikaa hivi, leo nitasema yote, mucheke mumalize, kisha muniache.

Ilikuwa wakati wa vita. Nilikuwa nafanya kazi mu biro moja ya kuchunguza ziwa, hapa Bukavu. Chef wetu, profeseri mumoja mupole mwenye kupenda sana neno "sisteme" (alikuwa analitia hata mu sala ya chakula), alijifunza Ulaya namna wanachunguza bahari: vifaa mingi mu maji, kila kimoja kinatuma vipimo, na ordinatere moja, ile mashine ya kompyuta, inavipanga. Akaniambia, "Mwana wangu, na Kivu yetu tuipangie vile." Vifaa vya mu maji hatukuwa navyo. Tulikuwa na watu: ku kila pwani mutu mumoja, kamba, termometre, na radio ya foni. Asubuhi anashuka ku maji, anapima, anatuita ku foni, mimi natia mu ordinatere.

Mutu wa Kalehe alikuwa Nsimire, muchumba wangu.

Basi mimi niliishi ku ile foni. "Bukavu, Bukavu, Kalehe inakuita. Leo ni vingt-quatre." Digrii ishirini na nne za maji, njo yote alikuwa anasema, maana foni inasikiwa ku ziwa nzima, na wamama wa Idjwi walikuwa wanangoja tu tukosee. Lakini namna alikuwa anavuta ile vingt-quatre, nilijua ni yangu. Papa yangu wa Nyantende alikuwa amekwisha kutoa ng'ombe ya mahari, ng'ombe iko kwa tonton, baba yake mudogo, kule Kasha, tulikuwa tunangoja vita itulie tufunge ndoa.

Kisha wanajeshi wakakamata mafoni yote. Vipimo vikaanza kuja ku karatasi, mu kitunga cha mama muuza samaki ao mu mufuko wa padri, juma moja vinafika, ingine hapana. Mu ordinatere nafasi zikabaki nyeupe, na ile nyeupe ya Kalehe ilikuwa inaniumiza. Nafungua mashine asubuhi (kama umeme iko), naona jina yake na mbele yake hakuna kitu, chai inanishinda kunywa. Njo nikafanya kakitu kadogo: nikapanga mashine kwamba kama kipimo hakijafika, iangalie vya nyuma, iweke chenye kufanana navyo, iandike na jina ya mupimaji, mpaka karatasi ya kweli ifike. Alama ya kutofautisha sikuweka. Chef alifurahi, tablo yote ya vipimo imejaa. Mimi nilifurahi kumupita. Kila asubuhi: Kalehe, Nsimire, vingt-quatre. "Bonjour, Nsi," nasema, nakunywa chai yangu, roho imetulia. Watu walikuwa wanasema kule Kalehe kumeharibika, watu wamekimbia, na mimi nawajibu bila wasiwasi kwamba niko na habari za leo.

Siku wafadhili walikuja, chef alialika watu wa kujaza sale, chumba yetu ya mikutano, mapadri, wamasista, hata majirani wa kartie sababu kulikuwa fanta. Nilivaa koti ya ndugu yangu (mikono ilinifikia karibu na kiwiko), picha ya tablo ikatoka ku ukuta, nikaanza kusifu. Mugeni mumoja akauliza kama vita haijaharibu kazi. Ningesema kidogo tu nikae. Lakini nikajibu, "Hata. Angalieni Kalehe. Huyu dada hajakosa asubuhi moja. Hata leo alishuka ku maji." Na sababu roho ilikuwa imejaa, nikaongeza, "Mimi namujua. Ni muchumba wangu." Watu wakapiga makofi.

Kule nyuma mutu akasimama. Amekonda, amefunga kikwembe ya kuazima.

"Leo asubuhi nilikuwa Kasha," akasema polepole, na ile sauti ya foni. "Kwa tonton. Niko pale tangu tulikimbia. Maji ya Kalehe nani alipima?"

Padri mumoja akacheka, kisha sale yote. Hata mimi nilicheka, mujinga miye. Yeye hakucheka. Chef akatoa kitambaa ku meza ya fanta, akafunika nacho ordinatere.

Nikamufuata inje. Nikamuuliza kwa nini hakukuja kunijulisha, na Kasha ni mwendo wa miguu tu (mimi kule sikuwa naenda, kwa wakwe haufike mikono mitupu, na wakati ule sikuwa na hata kasiksi, pombe ya ndizi, ya kupeleka).

"Musichana mwenye kutolewa ng'ombe anaenda kugonga ku mulango ya bwana?" akaniuliza. "Nilisema, yeye njo anapokea vipimo. Akiona tu Kalehe imenyamaza, atakuja kwa tonton kuniulizia. Kila gari yenye kupanda Kasha, nilikuwa natoka kuangalia."

"Nilikuwa naona jina yako kila siku, Nsi."

"Njo maana haukunitafuta."

Haikuchelewa, tonton yake akatoa ile ng'ombe Kasha, akaiongoza kwa miguu, akakatisha nayo mji muzima mpaka Nyantende, wenzangu wa biro wako ku dirisha wanasimulia watu habari yake. Papa yangu akaipokea, akaifunga, akaniangalia. "Na hii, mashine yako iliiona ikipita?" Nsimire aliolewa kule Bunyakiri, wananiambia iko na watoto, na mimi nikiwa na redio yenye kukoroma bado naisikia ile vingt-quatre yake.

Sisteme napanga mpaka leo, lakini nilijiapisha: chenye hakijafika, kibaki hakijafika. Na zile siku alikuwa Kasha ananingoja, nilirudi nikazifuta mimi mwenyewe, moja moja. Ziko nyeupe. Asubuhi zingine nazifungua, naziangalia, na chai inapoa.